Mwenye Kiwanda na Mwenye Lori: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Viwanda Vidogo vya Bia Marekani

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, wengi wakiwa wameshaingia au wako mlangoni mwa biashara ya kutengeneza bia. Maswali ya kimea na hamira tumeyaweka kando. Haya ni ya leseni, hisa na magari ya kusambazia. Kwa asiyezoea vipimo vya huko: pipa moja katika hesabu za serikali ni galoni 31, karibu lita 117. Kegi, yaani kopo kubwa la chuma la kubebea bia, ikiwa ya ukubwa wa baa ni nusu pipa.

SWALI: Nina kiwanda kidogo na baa ya jirani inataka bia yangu. Ni mwendo wa dakika tano. Naruhusiwa kupeleka kegi kwa gari langu mwenyewe? Na kwa nini jambo dogo hivi linahitaji sheria? — Msomaji, Durham, North Carolina

JIBU: Huko uliko, ndiyo, unaruhusiwa. Ungekuwa umevuka mpaka kuingia Georgia, jibu lingekuwa hapana. Bia ni ileile na gari ni lilelile, ila sheria ni nyingine.

Kabla ya pombe kupigwa marufuku Januari 1920, viwanda vikubwa vya bia vilikuwa vinamiliki baa, au vinazilipia pango, leseni na samani, kwa sharti kwamba baa iuze bia ya kiwanda hicho tu. Marufuku ilipofutwa tarehe 5 Desemba 1933, Marekebisho ya 21 ya Katiba yaliyaachia majimbo uamuzi wa pombe kuingia na kuuzwa kwao. Majimbo mengi yakajenga ngazi tatu: mtengenezaji anamuuzia msambazaji, msambazaji anamuuzia mwenye baa au duka, na huyo ndiye anayemuuzia mnywaji. Shabaha ilikuwa kumzuia mkubwa wa ngazi ya juu asimshike koo wa ngazi ya chini. Ruhusa ya mtengenezaji kuruka ngazi ya katikati ni msamaha tu, na kila jimbo lina kipimo chake.

North Carolina kipimo kilikuwa mapipa 25,000 kwa mwaka. Aliyevuka hapo alilazimika kukabidhi usambazaji wake kwa msambazaji, pamoja na wateja aliowatafuta mwenyewe kwa miaka. Viwanda vya Charlotte vilikwenda mahakamani mwaka 2017, na Mei 2019 ikapitishwa sheria mpya: kiwanda kinachouza chini ya mapipa 100,000 kwa mwaka kinaweza kujisambazia hadi mapipa 50,000. Wewe wa kegi chache una nafasi ya kutosha. Wa Georgia hajisambazii, lakini tangu tarehe 1 Septemba 2017 anaweza kuuza hadi mapipa 3,000 kwa mwaka moja kwa moja kwa wanywaji wanaofika kiwandani.

Vipimo hivi mara nyingi huzaliwa na ugomvi wa wakubwa. Mfano ni Illinois. Mwaka 2010 kampuni kubwa ya bia ya Anheuser-Busch, iliyokuwa na asilimia 30 ya msambazaji mmoja wa Chicago, ilitaka kununua asilimia 70 iliyobaki. Jimbo likakataa, nayo ikaenda mahakamani. Mahakama ya shirikisho ikasema huwezi kuviruhusu viwanda vya ndani ya jimbo kujisambazia huku ukivinyima vya nje. Bunge la Illinois lingeweza kuwanyima wote. Badala yake, mwaka 2011 liligawa kwa ukubwa: aliyetengeneza chini ya galoni 465,000 (mapipa 15,000) aliruhusiwa kujisambazia hadi galoni 232,500, awe wa ndani au wa nje. Wadogo waliponea chupuchupu katika kesi ambayo haikuwa yao.

Kabla ya kupakia gari, hakikisha mambo matatu. Bima ya gari iwe ya biashara, kwa sababu bima ya binafsi inaweza kukuacha hewani siku ya ajali. Kila kegi iwe na namba na amana, maana kegi zisizorudi ni hasara isiyoonekana mpaka mwisho wa mwaka. Tatu, uliza sheria ya jimbo kuhusu kukopesha baa. Kuna majimbo ambako bia lazima ilipwe inapopokelewa, na huko ukimwachia mwenye baa alipe Ijumaa ijayo mmevunja sheria wote wawili.

SWALI: Shemeji yangu ana baa mbili. Anataka kuweka fedha kwenye kiwanda changu apate asilimia 10 ya hisa. Ni mtu wa familia, hatuna wasiwasi naye. Kuna ubaya? — Msomaji, Dallas, Texas

JIBU: Upo, na hauhusiani na tabia ya shemeji. Sheria ya Texas inakataza mtu wa ngazi moja kuwa na maslahi katika ngazi nyingine, na haianzii kuhesabu kwenye asilimia 10.

Tazama yaliyowapata FEMSA ya Mexico. Kampuni hiyo ilikuwa na maduka ya OXXO, na wakati huohuo ilimiliki karibu asilimia 20 ya Heineken. Ilipoomba kibali cha kuuza bia katika duka la Texas, wasimamizi wa pombe wa jimbo wakakataa. FEMSA haikuendesha kiwanda cha Heineken, na hisa zenyewe zilipita katika kampuni juu ya kampuni. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Texas iliwaunga mkono wasimamizi. Wakosoaji walipiga kelele kwamba kwa tafsiri hiyo hata mwenye hisa moja yuko hatarini. Ikiwa kampuni ya ukubwa ule haikupenya, shemeji mwenye baa mbili hatapenya.

Usijaribu kuligeuza fungu hilo kuwa mkopo. Fedha kutoka ngazi moja kwenda nyingine ndiyo hasa sheria inayoitafuta, uiite hisa, mkopo au dhamana ya benki. Na usiandikishe hisa kwa jina la dada yako. Wasimamizi huuliza fedha zimetoka wapi, wakataka na taarifa za benki. Anayekutwa ameficha mmiliki hupoteza leseni kwa ule uongo, hata kama hisa zenyewe zingeweza kupatiwa ufumbuzi.

Shemeji anaweza kuwa mteja wako mzuri, lakini hapo nako kuna mitego. Chini ya kanuni za shirikisho, ambazo kwa bia hufuatwa pale jimbo linapokuwa na sheria inayofanana nazo, mambo ni haya. Bia ya kuonja unaweza kumpa mwenye baa hadi galoni 3 za chapa moja, ikiwa hajainunua chapa hiyo katika miezi 12 iliyopita. Akishakuwa mteja, hakuna kuonja tena. Rafu au pambo la kuonyeshea bia lisizidi thamani ya dola 300 kwa chapa moja katika duka moja kwa wakati mmoja. Bomba, mipira ya kupitishia bia na vifaa vya kufungulia kegi unaweza kumfungia, lakini umuuzie kwa bei isiyo chini ya gharama yako, naye alipe ndani ya siku 30. Friji ya bure hapana. Kumlipia "nafasi ya bomba" ndiyo kabisa hapana.

Hili la mwisho si nadharia. Mwaka 2016 msambazaji mmoja wa Massachusetts alilipa faini ya dola milioni 2.6 ili kukwepa kufungiwa leseni kwa siku 90, baada ya kubainika kwamba alilipa baa ziweke chapa zake kwenye mabomba. Malipo yalikuwa yamevishwa ankara za "matangazo". Mwenye kiwanda anayeombwa ankara ya namna hiyo na mwenye baa ajue anaalikwa wapi.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Msambazaji amekuwa akichukua bia yetu tangu majira ya baridi kwa maelewano ya mdomo tu. Sasa ametuletea mkataba. Tuangalie nini kabla ya kutia sahihi? — Msomaji, Worcester, Massachusetts

JIBU: Kwanza hesabuni miezi. Kwa kifungu cha 25E cha sheria ya pombe ya Massachusetts, ukishamuuzia msambazaji chapa yako kwa miezi 6, huwezi kuacha kumuuzia bila sababu ya haki, hata kama hamjawahi kuandikiana mstari mmoja. Ikiwa miezi hiyo imepita, mmeshafunga ndoa. Karatasi aliyoleta ni cheti tu.

Sababu za haki zimetajwa: kuisema vibaya bia yenu, kumpendelea mpinzani wenu isivyo haki, kutofanya juhudi ya kuuza, kuvunja masharti ya mauzo mliyokubaliana, na mengine ya aina hiyo. Zinasomeka vizuri, ila kuzithibitisha ni kazi. Msambazaji mwenye chapa 400 kwenye orodha akiuza katoni 20 za bia yenu kwa mwezi, atasema ndiyo juhudi soko lilivyoruhusu, nanyi mtahitaji kumbukumbu za kumpinga.

Sheria za namna hii zilienea zamani, wakati msambazaji wa kawaida alitegemea chapa moja au mbili za kiwanda kikubwa. Kiwanda kikimwacha, alikuwa amekufa na malori yake. Ulinzi ule ulikuwa na maana. Leo kiwanda cha mapipa 2,000 ni chembe katika mauzo ya msambazaji, lakini sheria ilikuwa bado inakitazama kama jitu linalomwonea mnyonge. Hapo majimbo kadhaa yameanza kurekebisha. New York tangu 2012 inamruhusu mwenye kiwanda cha chini ya mapipa 300,000 kwa mwaka, ambaye bia yake haizidi asilimia 3 ya biashara ya msambazaji, kuondoka bila kutaja sababu, mradi alipe thamani halisi ya haki za usambazaji. Massachusetts ilifuata Januari 2021: kiwanda cha chini ya mapipa 250,000 kinaweza kuondoka kwa taarifa ya siku 30, kwa kulipa fidia. Kwa hiyo mlango upo. Swali ni bei ya mlango, na mkataba wenu ndio mahali pa kuiandika.

Thamani ya haki hizo kwa kawaida hupatikana kwa kuzidisha faida ghafi ya msambazaji kwa mwaka. Chukulieni mfano: anauza katoni zenu 4,000 kwa mwaka, anapata faida ghafi ya dola 9 kwa katoni, jumla dola 36,000. Kizidishi kikiwa 3, kumwacha kutawagharimu dola 108,000. Mkiacha neno "thamani halisi" bila fomula, kila upande utaleta mthamini wake, na gharama za wathamini na mawakili zinaweza kupita tofauti mnayogombania. Andikeni kizidishi, andikeni ni faida ya miezi 12 ipi, na andikeni kwamba fidia inaweza kulipwa na msambazaji mpya. Mara nyingi ndiye anayelipa.

Yanayofuata yasomeni na kalamu mkononi.

Eneo. Msambazaji atataka jimbo zima hata kama malori yake hayafiki nusu yake. Mpeni kaunti anazozihudumia sasa, kwa majina. Kaunti aliyopewa asiyoifikia imekufa kwenu. Hamwezi kuipa mtu mwingine, wala kuipeleka bia wenyewe.

Chapa. Epukeni "chapa zote za sasa na za baadaye". Orodhesheni kwenye kiambatisho chapa anazochukua, na kila mpya iongezwe kwa sahihi mbili.

Bei. Hapa ndipo wengi huumia kwa hesabu ya shule ya msingi. Tuseme kegi ya nusu pipa mnamuuzia kwa dola 130. Akiongeza asilimia 30 juu ya gharama yake, baa inalipa dola 169. Akisema asilimia 30 ya bei ya kuuzia ibaki kwake, anagawanya 130 kwa 0.70, na baa inalipa karibu dola 186. Asilimia ni ileile, tofauti ni dola 17 kwa kegi, na kwenye baa yenye mabomba 20 hiyo inatosha kuwatoa ukutani. Wasambazaji wanapotaja asilimia, kwa kawaida wanazungumzia hesabu ya pili. Kumbukeni tu kwamba hamwezi kumpangia bei ya kuuzia; mnachoweza ni kujua anavyohesabu, kisha mpange bei yenu kwa kuanzia kwenye bomba kurudi nyuma.

Ubichi. Bia yenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hupoteza harufu yake upesi, na ghala la joto hulimaliza jambo hilo haraka zaidi. Andikeni siku za mwisho za kuuza kwa kila chapa, ghala la baridi liwe sharti la kegi zote, na nani anabeba gharama ya bia iliyopitwa na tarehe. Msikubali kirahisi kwamba ni ninyi daima: asiyebeba gharama ya bia iliyochacha hana haraka ya kuizungusha.

Taarifa. Dai ripoti ya kila mwezi inayoonyesha kila baa na kila duka lililopokea bia, kwa idadi. Jumla ya katoni zilizoondoka ghalani haitoshi. Siku mkihitaji kuthibitisha kwamba hakufanya juhudi, ripoti hizo ndizo shahidi wenu wa pekee, na siku mkitaka kuhamia kwa mwingine, ndizo zinazowaambia wateja wenu ni akina nani.

Mwisho, kuuzwa kwa msambazaji mwenyewe. Wasambazaji hununuana, na mnaweza kuamka mkiwa chini ya kampuni ambayo uhai wake unategemea chapa za jitu. Mkataba useme anatakiwa kuwaarifu na kupata idhini yenu. Sheria za majimbo mengi zitawazuia kuikatalia idhini hiyo bila sababu ya maana, lakini ile taarifa ya mapema ina thamani. Na msijidanganye kwamba mkataba unaweza kufuta ulinzi wa msambazaji uliomo kwenye sheria ya jimbo. Kwa kawaida hauwezi, hata akisaini kwa hiari yake.

SWALI: Tuko watatu, tunataka kuanza na mapipa kama 1,200 kwa mwaka. Tunahitaji karatasi gani kwa serikali ya shirikisho, na ushuru ni kiasi gani? Mmoja wetu ana hisa kwenye kiwanda kingine. — Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Ofisi inayohusika ni ile ya ushuru wa pombe na tumbaku, TTB. Fomu kuu ni 5130.10, ambayo ni taarifa ya mtengenezaji wa bia. Hujazwa mtandaoni na haina ada. Ambatanisheni mkataba wa pango, mchoro wa jengo unaoonyesha mipaka ya kiwanda, uthibitisho wa fedha zilikotoka, na majina ya kila mwenye hisa kuanzia asilimia 10. Maombi hukwama mara nyingi kwa sababu ndogo: mchoro unaonyesha baa, maelezo ya maandishi hayaitaji, pango liko kwa jina la mtu, kampuni inayoomba ina jina jingine. Lebo zinahitaji kibali cha TTB bia ikivuka mpaka wa jimbo. Leseni ya jimbo ni safari nyingine, ianzeni sambamba.

Ushuru wa shirikisho umekuwa mwepesi kwa wadogo tangu 2018, na nafuu hiyo ikafanywa ya kudumu Desemba 2020. Kiwanda cha ndani kisichozidi mapipa milioni 2 kwa mwaka hulipa dola 3.50 kwa pipa kwa mapipa 60,000 ya kwanza. Zamani ilikuwa dola 7. Mapipa yenu 1,200 ni dola 4,200. Pipa moja hutoa painti 248 za aunsi 16, kwa hiyo ushuru huo ni chini ya senti moja na nusu kwa glasi. Anayedaiwa si zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka anaweza kulipa mara moja kwa mwaka. Ninyi mtalipa kila robo mwaka, na kwa kuwa hamfiki dola 50,000, hamtatakiwa kuweka dhamana.

Sasa huyo mwenzenu. Mapipa 60,000 ya bei nafuu hayahesabiwi kwa kila kiwanda. Yanahesabiwa kwa kundi linalomilikiwa pamoja. Mtu au kampuni ikishika zaidi ya asilimia 50 ya viwanda viwili, vyote vinagawana mapipa hayohayo, na uzalishaji wao unajumlishwa kuelekea kile kikomo cha milioni 2. Akiwa na asilimia 20 hapa na 20 kule, kwa ushuru wa shirikisho hamna tatizo. Lakini ulizeni kama kiwanda kile kingine kina leseni ya baa au mgahawa katika jimbo lenye sheria kali za ngazi tatu, maana rula ya jimbo si rula ya TTB.

SWALI: Kampuni kubwa ya bia imetupa ofa ya kununua asilimia 30. Wanasema uongozi utabaki kwetu, mapishi yatabaki yetu, nasi tutapata malori yao. Tunapoteza nini? — Msomaji, Austin, Texas

JIBU: Malori ndiyo chambo, na ni chambo kitamu kweli. Msambazaji anayeishi kwa chapa za kampuni hiyo ana sababu ya kuwaweka mbele kwenye rafu.

Mnachopoteza kinategemea nani anapima. Chama cha viwanda vidogo, Brewers Association, kinamhesabu kuwa huru yule ambaye chini ya asilimia 25 ya umiliki wake iko kwa kampuni ya pombe isiyokuwa kiwanda kidogo. Kwa 30 mmetoka, na ile alama ya chupa iliyopinduliwa, iliyoanzishwa Juni 2017, lazima iondoke kwenye makopo yenu. Kiwanda cha Lagunitas kilitoka kwenye hesabu hiyo mwaka 2015 kilipoiuzia Heineken nusu ya hisa zake. Nusu ya pili ikafuata 2017. Mfuko wa uwekezaji usiofanya biashara ya pombe hauhesabiwi, hivyo asilimia 30 hiyohiyo kutoka kwa mfuko wa namna hiyo ingewaacha na alama.

Kwa ushuru wa shirikisho, 30 haijafika 50, kwa hiyo dola 3.50 inabaki.

Kwa jimbo lenu, simameni kabisa hapa. Sheria ya Texas ya 2017 inajumlisha uzalishaji wa viwanda vyote ambavyo mwenye leseni au kampuni ya ukoo wake (iliyofungamana naye kwa umiliki) anavimiliki, hata kwa sehemu. Jumla ikipita mapipa 225,000 kwa mwaka, bia inayouzwa kwenye baa yenu ya kiwandani inapaswa kuuzwa kwanza kwa msambazaji kisha inunuliwe tena kutoka kwake. Bia yenyewe inaweza isitoke hata kwenye tangi. Kinachosafiri ni ankara. Pigeni hesabu kwa bei za mfano: pipa moja kwenye baa yenu, baada ya asilimia 10 kumwagika na kubaki kwenye mipira, ni painti kama 223, kwa dola 6 ni dola 1,338. Pipa hilohilo kwa msambazaji ni kegi mbili za dola 130. Mtauza kwa 260 na kununua tena kwa 372, akiwa anabakisha asilimia 30 ya bei. Dola 112 kwa kila pipa, kwa bia ambayo haijaenda popote. Ikiwa baa ndiyo inayolipa mishahara yenu, mwiteni mwanasheria wa leseni kabla ya kumjibu mnunuzi, na mwulizeni swali moja: je, asilimia 30 inatufanya kuwa ukoo mmoja na viwanda vyao?

Mpango wenu wa miaka kumi nao ufikirieni upande wa pili: mkubwa anaweza kuuza tena. Mwaka 2011 Anheuser-Busch ilinunua kiwanda cha Goose Island cha Chicago kwa dola milioni 38.8, na baada ya hapo ikakusanya wengine wengi. Mwaka 2023 iliuza chapa nane kwa mkupuo kwa Tilray, kampuni iliyojulikana kwa bangi, zikiwemo Breckenridge, Blue Point na 10 Barrel. Kampuni ya vinywaji ya Constellation ilinunua kiwanda cha Ballast Point mwaka 2015 kwa dola bilioni 1, na 2019 ikaiuza kwa kampuni ndogo ambayo wengi hawakuwahi kuisikia. Kwenye mkataba wenu wekeni haki ya kununua tena hisa hizo kabla hazijaenda kwa mtu wa tatu. Ni sentensi mbili tu, na mnunuzi atazipinga kwa nguvu kuliko bei.

SWALI: Mimi ni mnywaji tu. Nitajuaje bia ninayonunua ni ya kiwanda kidogo kweli au ni jina la kampuni kubwa? — Msomaji, Seattle

JIBU: Lebo haitakwambia. Sheria ya shirikisho inadai jina na mahali, lakini jina linaweza kuwa la biashara lililosajiliwa, na mwenye viwanda vingi anaweza kutaja makao yake makuu tu na kuweka alama ya siri ya kiwanda kilichotengeneza. Tafuta ile alama ya chupa iliyopinduliwa. Kutokuwepo kwake si ushahidi, maana wapo walio huru ambao hawajaichapisha, lakini ikiwepo imesemwa.

Usishangae pia ukiona rafu inajaza chapa kumi zenye sura tofauti na zote zina mwenye mmoja. AB InBev, kampuni mama ya Anheuser-Busch, ilipoinunua kampuni nyingine kubwa ya bia, SABMiller, mwaka 2016, serikali iliibana isipanue wasambazaji inaowamiliki kupita asilimia 10 ya bia yake nchini, na ikaizuia kuwapa wasambazaji motisha ya kupuuza bia za washindani. Rafu yenyewe haikuguswa.

SWALI: Natengeneza bia nyumbani, majirani wanaipenda. Naweza kuwauzia kidogo? — Msomaji, Minneapolis

JIBU: Hapana, hata chupa moja. Kwa sheria ya shirikisho, mtu mzima anaruhusiwa galoni 100 kwa mwaka kwa matumizi yake na ya familia, au galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, bila ushuru na bila kuuza. Na usifikirie kukiombea chumba cha chini leseni ya kiwanda: kanuni za TTB hazikubali kiwanda cha bia ndani ya nyumba ya kuishi. Wakaribishe majirani wanywe kwako.